Nani Atamwambia Kijana Kwamba Maneno Hayasikiki?



Katika tafakari ya juma hili napenda kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kuliona likiandikwa na padre: muziki wa hip hop, na hasa kijana anayejifunza kuutengeneza. Kama muziki huo unafaa au haufai, hilo ni suala la siku nyingine. Leo nataka kulizungumzia sikio la jirani yake. Kijana akikuletea wimbo wake wa kwanza, ukamjibu "safi sana, Mungu akubariki" kabla hujausikiliza, umemnyima haki yake. Ukamjibu "acha uhuni huo" kabla hujausikiliza, umemnyima haki ileile. Nionavyo mimi, la kwanza ndilo linalowaumiza vijana wetu zaidi, kwa sababu huja limevaa vazi la upendo.

Tuanze na hali ilivyo. Katika miaka ya 1990 kijana wa Kitanzania aliyetaka kurekodi wimbo alilazimika kufunga safari hadi mjini, mara nyingi Dar es Salaam, kwenye studio chache za watu kama Master Jay, na baadaye P-Funk Majani wa Bongo Records. Ilikuwa taabu kubwa, lakini taabu ile ilikuwa na mwalimu ndani yake. Kabla wimbo haujafika redioni ulikuwa umekwisha kupita katika masikio ya mtu mwenye ujuzi, naye aliweza kumwambia msanii: rudia, ubeti huu haueleweki. Leo studio imehamia kwenye kompyuta ndogo, na hata kwenye simu. Programu ya FL Studio, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kwa jina la FruityLoops, sasa ina toleo la kutumika katika simu ya mkononi. Hivyo hata hapa Masieda kijana mwenye simu iliyochajiwa kwa sola anaweza kuwa mtunzi, mpiga ngoma, mwimbaji, fundi mitambo na msambazaji, yote hayo peke yake, usiku mmoja, kitandani kwake. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yule mtu wa kumwambia "rudia" hakuja pamoja na simu. Na wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Nitatoa mfano mmoja, kwa ruhusa ya mhusika, ingawa jina lake silitaji. Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Kijana mmoja wa kigango chetu alitunga wimbo wa kuwakumbuka, akautengenezea biti yeye mwenyewe, akachana mistari kwa Kiswahili na kiitikio kwa Kiiraqw. Siku moja baada ya sala ya jumuiya aliomba nafasi, akauweka kwenye spika. Watu walisikiliza kwa heshima, wengine wakafuta machozi. Ulipokwisha, kila mtu alisema wimbo ni mzuri, na mzee mmoja akasema huyu sasa aende Arusha akarekodi studio kubwa.

Nilikuwa nimeketi karibu na mama mmoja aliyekuwa akilia. Nikamwuliza kwa sauti ya chini ni maneno gani yamemgusa. Akanijibu kwa unyofu kabisa: "Baba, maneno sikuyasikia. Ila najua ni ya Katesh."

Tafakarini jibu hilo. Mama alilia kwa ajili ya Katesh, na ilimpasa kulia. Wimbo wenyewe haukumfikia. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anajichunguza juu ya zile nyakati ambapo sauti ya mwimbaji ilimgusa kuliko kile kilichoimbwa, na anaona kwamba mambo hayo mawili yapaswa kutenganishwa. Hapa kwetu palikuwa na fumbo la aina nyingine: si sauti wala maneno vilivyowagusa watu, bali kumbukumbu waliyokuja nayo wenyewe kutoka nyumbani. Kijana hakuweza kujua hilo. Yeye aliona machozi, akadhani biti lake ndilo lililoyaleta.

Na jambo hili lina gharama. Kijana huyo alikwisha kuuza mbuzi wawili ili anunue maiki na hedifoni, na baada ya sifa zile alikuwa ameanza kuzungumza na mama yake juu ya kuuza wengine kwa ajili ya safari ya Arusha. Angefika kule na wimbo uleule, kasoro zake zilezile, na fundi wa studio, ambaye hulipwa kazi ikikamilika, hana lazima ya kumfundisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tofauti ni kwamba huyu mgema wetu alikuwa hajui kama tembo lina maji, na sisi wanywaji tulijua tukanyamaza.

Kasoro yenyewe ilikuwa nini? Nilizungumza naye kesho yake, sisi wawili tu, na jambo alilonieleza lilinifundisha mengi. Kazi yote aliifanya usiku kwa sauti ya chini, kwa kuwa nyumba ni ndogo na wadogo zake wanalala. Hapo ndipo palipo na mtego. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la mwanadamu halisikii sauti zote kwa usawa: muziki ukiwa chini, sauti nzito za besi hufifia masikioni kuliko sauti za katikati, ambazo ndizo hubeba maneno. Mtu anayetengeneza biti usiku kwa sauti ndogo huona besi haitoshi, basi anaiongeza. Haitoshi tena, anaiongeza. Asubuhi ukiuweka wimbo huo kwenye spika kubwa, besi inanguruma kama lori kwenye mteremko, na maneno yamezama chini yake. Na ukiuweka kwenye simu ndogo ambayo spika yake haiwezi kabisa kutoa sauti nzito, besi inatoweka, na ngoma aliyoihangaikia wiki nzima inasikika kama mtu anayegonga sahani. Wimbo ni mmoja, lakini mahali pawili umeharibika kwa namna mbili zinazopingana. Yeye hakuwa na mahali pa tatu pa kuusikilizia, wala sikio la pili.

Hakuna aibu yoyote katika hilo. Ni jambo la kawaida kwa kila anayeanza, na hata mafundi wakubwa husikiliza kazi zao katika spika mbalimbali, ndani ya gari, kwenye redio ya bei nafuu, ndipo waiachie. Lakini angalieni: kasoro hii iliweza kugunduliwa na mama asiyejua chochote juu ya hip hop. Aliigundua. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza.

Ndiyo maana nikifikiria jambo hili namkumbuka Apolo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, tunasoma habari za Myahudi huyu wa Aleksandria, msemaji hodari, mwenye ari, aliyefika Efeso akaanza kufundisha habari za Yesu kwa usahihi kiasi, ingawa alijua ubatizo wa Yohane peke yake. Leo tungesema: ana kipaji, ana mistari, ila kuna jambo amelikosa. Prisila na Akula wakamsikia. Hawakumpigia makofi na kwenda zao, wala hawakusimama katika sinagogi kumwaibisha. Walimchukua kwao, wakamweleza ile Njia kwa usahihi zaidi. Na matunda yake yameandikwa: alipovuka kwenda Akaya aliwasaidia sana waamini. Tusisahau kwamba Prisila na Akula walikuwa walei, mafundi wa kushona mahema. Apolo aliwazidi kwa ufasaha, nao walimzidi kwa jambo moja tu, wakamgawia hilo moja.

Sisi Wakatoliki tumefundishwa matendo ya huruma ya kiroho. Kuwafundisha wasiojua ni mojawapo, na kuwaonya wanaokosea ni jingine. Kwa kawaida tunayafikiria matendo hayo kuhusu dhambi. Mimi naona yanafika pia kwenye kazi ya mikono ya mtu. Fundi seremala wa kijiji akimwona mwanafunzi wake amepiga randa kinyume cha nyuzi za mbao, akanyamaza ili asimkwaze, hatumwiti mpole.

Wengine mtaniambia: "Padre, mtu anayeanza anahitaji kutiwa moyo, ukimkosoa atakata tamaa." Hoja hiyo ina uzito, na nimeona vijana waliovunjika kwa neno moja la dharau. Lakini kutia moyo na kusema uongo ni vitu viwili. Seminarini tulikuwa na zoezi la mahubiri. Mmoja huhubiri, wenzake wote darasani huandika, kisha kila mmoja humweleza alichosikia. Kanuni ya mlezi wetu ilikuwa moja: huruhusiwi kusema "mahubiri mazuri" wala "mahubiri mabaya" kabla hujaeleza kwa maneno yako mwenyewe ujumbe uliotufikia. Mwenzetu mmoja mwenye sauti nzuri kuliko sote alihubiri juu ya Msamaria Mwema, na wanafunzi saba wakatoa ujumbe saba tofauti. Hakuna aliyemtukana. Ile saba yenyewe ilimtosha. Juma lililofuata alirudi na mahubiri mafupi, na sote tukaandika jambo moja.

Kanuni hiyo inafaa kabisa kwa muziki wa kuchana, maana hip hop ni sanaa ya maneno. Mpe msikilizaji kalamu na karatasi, mwekee ubeti wa kwanza mara moja tu, kisha mwambie aandike maneno aliyoyashika. Usimwulize kama ameupenda. Swali la "umeuonaje?" karibu siku zote huleta adabu, na adabu haina habari ndani yake. Uliza: ni neno gani lilikupotea? Ulichoka wapi? Ulitaka ngoma iingie lini? Mwalimu wa kwaya ambaye maisha yake yote ni Misa na zaburi ataweza kukwambia kwamba kiitikio kimeshuka nusu sauti chini ya kinanda. Vijana wenzako ndio watakaojua kama mapigo yana uhai au yanakwenda kama saa ya ukutani. Bibi yako atajua kama Kiiraqw chako ni cha kweli. Hakuna anayejua yote, na hakuna asiyejua lolote.

Mwalimu wa Kiswahili pia ana nafasi, tena kubwa kuliko tunavyodhani. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mapigo ya biti yakiuhamisha, neno hupinda. Tazama neno "barabara". Likitamkwa kwa mkazo wake wa kawaida ni njia ya magari. Ukiweka mkazo kwenye silabi ya pili, linakuwa "sawasawa kabisa". Kijana anayetaka kusema kwamba barabara ilifunikwa na tope anaweza, kwa kufuata ngoma tu, kutamka jambo lisilo na maana. Na Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutofautisha maana, hivyo melodi ikivuta sauti juu pale ambapo lugha inataka ishuke, wazee hushtuka pasipo kujua kwa nini. Tatizo hili si geni katika Kanisa. Waliotunga nyimbo za ibada kwa lugha za Kiafrika walipambana nalo kila walipochukua melodi ya Ulaya na kuivika maneno ya kwetu, na marehemu Padre Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963. Kijana wetu anapohangaika na kiitikio chake usiku, yuko katika safari ileile.

Nieleze kidogo juu ya namna ya kukosoa tuliyojifunza kutoka kwenye televisheni. Tangu miaka ya 2000, shindano la Bongo Star Search limewazoesha Watanzania kuona majaji wakitoa hukumu mbele ya kamera, na wengi wetu tulicheka sana walipotokea wasiojua kuimba. Sina ugomvi na shindano, kwani kazi yake ni kuchagua, na mwenye kuchagua lazima amwache mtu. Lakini jumuiya haichagui. Hakuna anayetolewa katika jumuiya kwa sababu biti lake ni bovu. Tukiichukua ile lugha ya jaji na kuileta sebuleni kwetu, tumemwiga mtu ambaye kazi yake si yetu.

Na kwa wale wazee wanaosema kwamba padre asingepaswa kujishughulisha na muziki huu, nawakumbusha kwa heshima kwamba Januari 2004 vijana kutoka Poland walicheza mchezo wa hip hop, ule wa kuzunguka kwa kichwa na mabega sakafuni, mbele ya Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili ndani ya Vatikano kwenyewe, naye akawabariki. Sisemi tuupeleke altareni. Liturujia ina kanuni zake nami ni mtumishi wa kanuni hizo. Nasema tu kwamba mtu hawezi kukosoa wimbo ambao hajausikia.

Kuna pia maoni ambayo kijana anapaswa kuyasikiliza kwa tahadhari. Yule mtunzi wetu aliambiwa na rafiki mmoja afute kile kiitikio cha Kiiraqw, eti wimbo "usikike kama wa Dar". Nilimshauri asiharakishe. Kundi la X Plastaz la Arusha lilipoweka sauti ya Kimaasai ya Yamat Ole Meipuko katikati ya mistari ya Kiswahili, na kutoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, ni sauti hiyo ya nyumbani iliyowafanya wasikilizwe hata Ulaya. Hapa nimejifunza kutofautisha mambo mawili: msikilizaji kwa kawaida husema kweli anapoonyesha mahali panapouma, lakini dawa anayopendekeza inaweza kuwa si yenyewe. Mgonjwa anajua tumbo linauma upande gani. Hilo halimfanyi kuwa daktari. Watu watatu wakisema kiitikio kinawachosha, basi kiitikio kina tatizo kweli. Huenda tatizo ni lugha, au ni ngeni tu masikioni mwa mmoja. Huenda kimerudiwa mara sita pale ambapo mara tatu zingetosha. Kuamua ni kazi ya mtunzi.

Tena, kijana, usijitetee wakati mtu anazungumza. Andika, shukuru, lala. Kesho yake utajua lipi la kweli. Na ukilinganisha toleo la zamani na jipya, hakikisha yote mawili yana sauti sawa, maana lenye sauti kubwa hudanganya: sikio hulipenda hata kama ni baya zaidi. Ukitaka kipimo cha nje, chukua wimbo wa bwana aliyekwisha kufuzu. Profesa Jay ana wimbo uitwao Ndio Mzee, katika albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001. Sikiliza jinsi kila neno linavyofika, hata kwenye redio mbovu. Na ukimaliza kusikiliza ufundi wake, sikiliza pia kisa chake: mwanasiasa anatoa ahadi zisizowezekana, na umati unamwitikia kila mara kwa kukubali. Nilipomwekea kijana wetu wimbo huo na kumwuliza ule umati unamkumbusha nini, alicheka kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, ni jumuiya yetu siku ile."

Wazee wa Kiiraqw wanajua zaidi yetu juu ya jambo hili. Katika slufay, ile sala ya kimila inenwayo na mzee mbele ya watu, waliohudhuria hawakai kimya. Huitikia, na mwitikio wao ni sehemu ya sala yenyewe. Mnenaji anayeusikiliza hujua kama amewachukua pamoja naye au amewaacha nyuma. Sisi tumebaki na kuitikia, tukasahau kwamba mwitikio ulikuwa na kazi.

Kijana amepunguza besi, ameusogeza ubeti wa kwanza mbele ya ngoma, na mama yake bado ana mbuzi wake. Wimbo haujakamilika. Mstari wa nne wa ubeti wa pili mimi mwenyewe bado siushiki.

Kwa hiyo, viongozi wa VIWAWA wameomba, nami nimekubali, kwamba Dominika ijayo baada ya Misa ya pili tukutane ukumbini kwa muda wa saa moja. Watakaoleta nyimbo wasizidi wanne, tupate kusikiliza kila mmoja mara mbili. Ninawaomba kwa namna ya pekee akina mama na wazee mfike, mje na kalamu. Simu ya kawaida tunayo na spika ya kwaya tunayo. Kama kuna mwenye ile redio ya zamani ya betri, yenye spika moja, tafadhali atuazime kwa siku hiyo.

Niwatakie Dominika njema.

Padre wenu